Ufundi wa Kuachia Breki

Anayetaka kumjua dereva wa mbio za mtandaoni asimtazame mikono, amtazame mguu wa kushoto. Mikono inaweza kupendeza macho, ikazunguka kwa madaha, na mwenye mikono hiyo akamaliza wa mwisho. Mguu wa kushoto, ule unaokaa juu ya breki, hauna pa kujificha. Ndio unaoamua gari liingie kwenye kona likiwa limekaa vipi, liinamishe pua kiasi gani, litoke na mwendo gani. Nimekuwa nikiutazama mguu wa namna hiyo hapa Kimara, wa mtoto wa dada yangu anayejiandaa kwa msimu mpya wa iRacing, programu ya mbio za magari mtandaoni, na kadiri ninavyoutazama ndivyo ninavyoona una haki ya kuandikwa. Wengi wanaopita dirishani kwake husikia mlio wa injini tu, wakasema kijana anacheza gemu.

Ni gemu, sibishi. Lakini chombo anachokalia kimepita mikononi mwa mafundi. Fremu imechomelewa mtaani kwa mabomba ya mraba, yale yale ya mageti na madirisha. Kiti kilitoka kwenye gari dogo lililokatwa kuuzwa spea, na bado kina reli zake za kukisogeza mbele na nyuma. Reli hizo zina kazi kubwa kuliko zinavyoonekana, maana goti likinyooka mno mguu unachoka, likikunjika mno mguu unakosa nguvu. Usukani ni Logitech G29, aina iliyotoka mwaka 2015, naye aliupata mtumba. Ndani yake mna mota mbili zinazosukuma gia ndogo, na hizo ndizo zinazomletea mkononi habari za matairi ya mbele. Pedali ya breki ina kipande cha mpira mgumu ndani yake, ili mguu ukutane na ukinzani usizame ovyo. Kipande hicho alikitoa, akakipunguza kwa wembe, akakirudisha, akakitoa tena. Alihangaika nacho kuliko alivyohangaika na kompyuta yenyewe, na sasa naelewa kwa nini.

Niseme kwanza uwanja anaokimbilia umetoka wapi. Dave Kaemmer, Mmarekani, ni mmoja wa waanzilishi wa Papyrus, kampuni iliyotengeneza Indianapolis 500: The Simulation mwaka 1989. Mwaka 1998 wakatoa gemu la Grand Prix Legends, lililoyaweka kwenye kompyuta magari ya Formula 1 ya mwaka 1967, magari yenye nguvu nyingi na matairi membamba, na wachezaji wengi walitoka nje ya barabara kwenye kona ya kwanza. Halikuwabembeleza. Kaemmer na mfanyabiashara John Henry ndio walioanzisha iRacing, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2008. Viwanja vyake hupimwa kwa leza: wapimaji huenda uwanjani kwenyewe na mitambo yao, wakazunguka wakichukua umbo la lami, mabonde yake na viraka vyake, hadi tofauti ndogo kabisa ambazo jicho halizioni. Matokeo yake, kijana ambaye hajawahi kukanyaga Marekani anajua kwa vidole vyake mahali lami ya Connecticut inaponyanyuka kidogo kabla ya kona.

Mwaka wa iRacing una misimu minne, kila mmoja wiki 12, kila wiki na uwanja wake. Ratiba hutolewa kabla, na hapo ndipo kazi ya fundi huanza. Katika mashindano yao ya kawaida zinahesabiwa wiki nane bora tu, zile nne mbaya huachwa, kwa hiyo mtu anaweza kuchagua wapi atie nguvu na wapi apumzike. Katikati ya msimu mmoja na mwingine kuna wiki ya kumi na tatu, ambayo haina uzito wa pointi. Ni wiki ya mbio za kujifurahisha, na ndiyo wiki ambayo programu hupokea mabadiliko makubwa. Wakati mwingine matairi yenyewe hubadilishwa tabia, na ulichokijua juzi kinakuwa nusu kweli. Machi 2024, masika yakikaribia kuingia hapa Dar es Salaam, waliingiza mvua kwa mara ya kwanza. Madereva waliokuwa wameshika mstari mmoja kwa miaka wakalazimika kujifunza kuuacha, kwa sababu lami iliyopakwa mpira wa matairi ikilowa huteleza kuliko lami ya pembeni, na mwenye akili hupita nje, mahali ambapo wakati wa kiangazi hakuna anayepita.

Sasa nirudi kwenye mguu.

Gari likifunga breki, uzito hukimbilia mbele. Matairi ya mbele hubanwa chini na kupata nguvu ya kushika, ya nyuma huwa mepesi. Dereva wa kawaida, na wengi wetu tunaoendesha Barabara ya Morogoro tumo humo, hufunga breki gari likiwa limenyooka, huiachia, kisha hugeuza usukani. Kwa barabara ya watu ndivyo inavyotakiwa. Kwa mbio ni hasara. Ukiiachia breki yote kwa mara moja, uzito uliokuwa mbele hurudi nyuma, na matairi ya mbele hupungukiwa na nguvu katika sekunde ile ile unayoyaomba yageuze gari. Pua inakataa. Gari linakwenda mbele likitazama kona. Usukani unaongeza kuuzungusha, hausaidii kitu, na unasikia matairi yakilalamika.

Fundi hafanyi hivyo. Hukanyaga breki kwa nguvu mwanzoni, gari likiwa limenyooka, kisha anapoanza kugeuza huanza kuiachia, kidogo kidogo, akiipunguza kadiri usukani unavyoongezeka, ili matairi ya mbele yawe na kazi ya kutosha bila kuzidiwa. Tairi lina nguvu moja tu ya kugawa. Ikitumika yote kwenye kusimamisha, haibaki ya kugeuza. Inayorudishwa kutoka kwenye breki ndiyo inayokwenda kwenye kona. Anayechelewa kuachia huona mkia ukimpita, maana matairi ya nyuma ni mepesi na gari linazunguka. Anayewahi kuachia huona pua ikikataa. Baina ya hao wawili kuna njia nyembamba, na kila kona ina ya kwake, na kona hiyo hiyo ina nyingine mafuta yakipungua tangini na matairi yakipata joto. Baharia wa ngalawa anayelegeza kamba ya tanga upepo unapogeuka anaijua hali hii: hailegezi kwa hesabu, huilegeza kwa kile anachokisikia kiganjani, na chombo hakiyumbi.

Ajabu ni kwamba dereva wa kwenye gari la kweli huusikia uzito huo mgongoni. Kiti kinamsukuma, tumbo linamwambia, sikio la ndani linamwambia. Mpwa wangu hana hayo yote. Kiti chake kimetulia juu ya sakafu ya saruji. Alichonacho ni ule mtetemo wa usukani, mlio wa matairi kwenye spika za sikioni, na picha mbele yake. Kwa vitu hivyo vitatu inambidi aujue mwili wa gari lisilokuwepo. Usukani unapokuwa mzito, matairi ya mbele yameshika. Unapolegea ghafla, yameachia. Mlio wa tairi linalofanya kazi vizuri ni mnene na hautetereki. Ukipanda na kuwa mwembamba, limezidiwa. Nilipomuuliza anaangalia nini kwenye kona, alinijibu bila kugeuka, "Mjomba, mimi hapo siangalii, nasikiliza."

Lime Rock Park ni mahali pazuri pa kuuona ufundi huo. Ni uwanja mdogo huko Connecticut, maili moja na nusu tu, karibu kilomita 2.4, na katika mpangilio wake wa asili una kona moja tu ya kushoto. Nyingine zote ni za kulia. Kwa Mazda MX-5, gari dogo linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, linalotumiwa na wanaoanza, mzunguko mmoja ni kama dakika moja. Mtu asiyejua atasema hakuna cha kujifunza kwenye dakika moja. Lakini kona ya kwanza, inayoitwa Big Bend, ni ndefu, inageuka, inalegea, inageuka tena, na humo ndani hakuna mahali pa kukurupuka. Mwenye haraka hufunga breki akaachia, akageuza, akapitilizwa hadi nje, akasubiri gari limrudie. Mwenye subira huingia na breki kidogo mguuni, breki isiyofika hata robo ya pedali, na breki hiyo ndogo ndiyo inayoibana pua ya Mazda iende anapotaka. Ukimtazama usoni hutaona kitu. Ukimtazama kifundo cha mguu utaona kinasogea kwa unene wa sarafu.

Programu hurekodi kila kitu, na baada ya mazoezi hufungua mchoro wa breki yake na kuulaza juu ya mchoro wa dereva aliye mbele yake kwa kasi. Mistari miwili inapanda kwa pamoja, karibu wima, kwa sababu kukanyaga kwa nguvu kunafundishika kwa siku chache. Tofauti iko kwenye kushuka. Mstari wa yule wa kasi unateremka taratibu, mrefu, bila kuvunjika. Wa kwake mwanzoni ulikuwa na ngazi: alikuwa akiachia, akiogopa, akikanyaga tena kidogo, akiachia. Kila ngazi ni mahali ambapo gari lilikosa kumwamini, au yeye alikosa kuliamini. Kazi ya miezi imekuwa kuzifuta ngazi hizo moja baada ya nyingine, na sijaona kazi nyingi za vijana zenye uvumilivu wa namna hiyo, kwa kitu ambacho watazamaji hawatakiona kamwe na ambacho faida yake ni sehemu ya kumi ya sekunde.

Ana kaunta buku. Ukurasa mmoja kwa kila uwanja. Haandiki namba nyingi kama nilivyotarajia. Anaandika mahali pa kuanzia breki, gia ya kuingilia, halafu sentensi moja kuhusu kuachia. "Subiri hadi pua ikubali." "Usiiachie yote kabla ya kuona ukingo wa ndani." "Hapa kuna mlima, tairi za mbele zinapungua, achia mapema." Lugha yake ni kavu na sahihi, na nimeipenda kuliko maelezo mengi ya kitaalamu niliyosoma.

Hapo ni dereva peke yake uwanjani. Mbio zina watu, na hapa ndipo Kimara inapoingia kwenye hesabu kwa namna ambayo dereva wa Frankfurt au Boston hatakaa aifikirie.

iRacing ilipofunguliwa mwaka 2008, mtu wa Dar es Salaam hakuwa na njia ya kushindana kwa haki hata angekuwa na fedha. Intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti zilizoko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe kwenda na jibu kurudi ulichukua kama nusu sekunde kabla hata mashine hazijaanza kazi yake. Mwaka 2009 waya wa chini ya bahari wa SEACOM ulifika pwani yetu, mwaka uliofuata ukaja EASSy, na muda ule ukashuka. Haukwisha. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, na njia ya waya kutoka hapa kupita Bahari ya Shamu hadi Ulaya si ya mstari mnyoofu. Ukihesabu kilomita 10,000 kwenda na 10,000 kurudi, sehemu ya kumi ya sekunde imeshaondoka kabla ya kuhesabu mitambo ya njiani. Hakuna kifurushi cha bando kinachoweza kuinunua tena. Kwenye skrini yake, akikimbia kwenye seva ya Ulaya, husomeka milisekunde mia na sitini, mia na themanini, siku mbaya zaidi ya hapo.

Hiyo maana yake nini barabarani? Gari linalokwenda kilomita 160 kwa saa hupita zaidi ya mita 44 kila sekunde. Kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde linakwenda mita nne na nusu hivi, na MX-5 yenyewe ina urefu wa kama mita nne. Kwa hiyo kosa la sehemu ya kumi ya sekunde ni gari zima.

Programu haimwachi gizani. Gari lake mwenyewe linahesabiwa kwenye kompyuta iliyo mbele yake, kwa hiyo usukani na breki zake hazicheleweshwi hata kidogo. Yanayocheleweshwa ni magari ya wengine. Habari zao zinafika zikiwa zimepitwa na wakati, na programu hukisia: gari hili lilikuwa hapa, lilikuwa na mwendo huu, kwa hiyo sasa litakuwa pale. Kwenye mstari mnyoofu ukisiaji huo ni sahihi ajabu, kwa sababu gari lililo kwenye mwendo wa moja kwa moja halibadiliki sana. Unaharibika mahali pamoja hasa: pale dereva wa mbele anapokanyaga breki. Programu inaendelea kumchora akienda mbele kwa muda ambao yeye tayari ameanza kusimama, kisha inagundua, inamrudisha. Ukiwa nyuma yake sentimita chache ukiamini picha, unaweza kumgonga mtu ambaye kwenye skrini yako hamkugusana, na yeye kwenye yake ameona kabisa ukimpiga mgongoni. Unaandikiwa makosa: kwenye lami, mgongano mzito na gari jingine ni alama nne, kupoteza gari ni mbili, kutoka nje ya barabara ni moja. Alama hizo ndizo zinazojenga au kubomoa leseni yako ya iRacing, na wenzako uliowavuruga hawatajua kwamba ulikuwa Kimara. Wataona tu mtu asiyejali.

Madereva wengi wa mbali huchukua mojawapo ya njia mbili. Wengine hukata tamaa. Wengine huendelea kupigana kwenye breki kama wenyeji wa Ulaya, na kugongana, na kulaumu mtandao. Mpwa wangu alichukua njia ya tatu, na hiyo ndiyo iliyonifanya nimtazame kwa makini. Aliliacha eneo la breki liwe la wengine.

"Mimi simpiti mtu akifunga breki, mjomba," aliniambia. "Namwachia aingie kwanza. Namchukua akitoka."

Ukitafakari, ni jibu lililofikiriwa hadi mwisho. Kama picha inadanganya kwenye breki na kusema kweli kwenye mstari mnyoofu, basi mpite mtu kwenye mstari mnyoofu. Lakini mkiwa na magari ya nguvu sawa huwezi kumpita mtu kwenye mstari mnyoofu isipokuwa umeitoka kona kwa kasi kuliko yeye. Na huwezi kutoka kona kwa kasi isipokuwa gari lako limemaliza kugeuka mapema, ili ukanyage mafuta mapema. Na gari haliwezi kumaliza kugeuka mapema isipokuwa ulilitia pua ndani kwa breki iliyoachiwa sawasawa. Kwa hiyo umbali wa Dar es Salaam umemsukuma moja kwa moja kwenye ule mteremko mrefu wa mchoro, kwenye kifundo cha mguu kinachosogea kwa unene wa sarafu. Anayeishi karibu na seva anaweza kuficha udhaifu wa kuachia kwa ujasiri wa kuchelewa kukanyaga. Huyu hana pa kuuficha. Inambidi awe fundi.

Nimeziona mbio zake za namna hiyo. Anakaa nyuma ya gari moja kwa mizunguko mitatu, minne, akiacha nafasi ya gari zima kila wakifunga breki, hata mtu anaanza kudhani amechoka. Kumbe anajifunza yule wa mbele anatoka vipi. Kisha kwenye mzunguko mmoja anaingia taratibu kidogo kuliko kawaida, pua inageuka mapema, mafuta yanakanyagwa wakati yule mwingine bado anasubiri gari limtulie, na kabla ya katikati ya mstari mnyoofu wako sambamba. Huko mbele, kona inayofuata ikifika, tayari yuko mbele, na sasa ni yule mwingine mwenye kazi ya kukisia.

Kuna jambo jingine nililojifunza kwake: ucheleweshaji thabiti si adui mkubwa. Mia na themanini isiyobadilika inazoeleka, mwili wote unaipanga. Adui ni mtandao unaoruka, sasa mia na ishirini, sasa mia tatu, kwa sababu hapo gari la mwenzako linatikisika kwenye skrini na wewe unatikisika kwenye ya kwake. Ndiyo sababu anakimbia saa nne au saa tano usiku, majirani wengi wakiwa wameacha kutazama video. Ndiyo sababu waya umetoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta, bila kutegemea hewa. Mbio zenyewe hazili bando sana. Kinacholila ni kupakua viwanja na mabadiliko ya wiki ya kumi na tatu, na hayo huyafanya alfajiri. Chini ya meza kuna betri ya UPS, kwa sababu umeme ukikatika mzunguko wa mwisho, mbio hazimsubiri mtu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nzima ikabaki na intaneti ya kusuasua. Siku hizo alifanya mazoezi peke yake dhidi ya saa, na ukurasa wa Lime Rock kwenye kaunta buku ukajaa.

Natamani wanaodhani mambo haya ni ya kuazima wakumbuke mji wetu. Mwaka 1966 na tena mwaka 1967, Safari Rally ilichukuliwa na Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi na kufanya kazi hapa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na hesabu yake kuu ilikuwa kumaliza. Mwaka 1963 yalimalizwa na magari 7 tu, na mwaka 1968 vilevile magari 7. Ushindi ulikwenda kwa mtu aliyejua kulitunza gari matopeni usiku kucha. Ninaposikia mpwa wangu akisema lengo lake la kwanza ni kumaliza mbio bila alama ya kosa, nasikia desturi ya barabara zetu wenyewe.

Na mchezo wa kompyuta uliwahi kuitangulia Safari yenyewe. Kenya ilipangiwa kurudi kwenye ratiba ya rali ya dunia mwaka 2020 baada ya kutokuwemo tangu 2002, na janga la korona likaifuta. Lakini Septemba mwaka huo gemu la WRC 9 lilitoka likiwa na barabara za Kenya ndani yake, na vijana duniani kote wakaanza kula vumbi la Naivasha kwenye skrini. Safari ya kweli ilikuja Juni 2021, Sébastien Ogier akashinda. Wamevuka pia wengine kutoka kwenye gemu kuingia kwenye mbio za kweli: Lucas Ordóñez, Mhispania, alishinda GT Academy ya kwanza mwaka 2008 kupitia gemu la Gran Turismo, na mwaka 2011 alisimama jukwaani Le Mans, wa pili katika daraja la LMP2. Sitaji hayo ili kusema kijana wa Kimara ataishia Le Mans. Nataja kwa sababu yanaonyesha kwamba mguu uliofundishwa juu ya sakafu ya saruji unajua kitu cha kweli.

Natamani pia siku moja mtu aje na leza yake apime kona za Mlima Kitonga, njia ya Iringa. Madereva wetu wa malori na mabasi wanaujua ufundi wa breki mle kuliko yeyote aliyeandika kitabu, na wanaujua kwa gharama. Barabara ile ikiingia kwenye simuleta, dunia ingekuja kujifunza kwetu.

Msimu unaokuja anauanza akiwa na leseni ya daraja D. Ili apande C mwisho wa msimu inambidi alama yake ya usalama ifike angalau 3.00 na awe ameshiriki mbio za kutosha, akifikisha 4.00 katikati ya safari anapandishwa papo hapo. Ameshaipitia ratiba kwa kalamu. Viwanja vyenye kona ndefu zinazotoa kwenye mistari minyoofu amevitia alama, hizo ni wiki zake nane. Viwanja ambavyo kumpita mtu haiwezekani ila kwa kuchelewa breki amevipanga kuwa vya kupumzika, na wiki hizo atafanya mazoezi tu.

Kaka yake aliye Muscat amemwahidi pedali mpya, ile inayopima nguvu ya mguu badala ya umbali ambao pedali imeshuka. Ni bora, kila dereva anayejua atakuambia, kwa sababu mguu hukumbuka uzito vizuri kuliko unavyokumbuka umbali. Nilidhani ataifunga siku ileile itakayofika. Amekataa. Mguu wake wa sasa umefundishwa kwa kile kipande cha mpira alichokipunguza kwa wembe, na unajua umbali wa kila kona iliyo kwenye kaunta buku. Pedali ikifika itakaa ndani ya boksi lake wiki 12 zote, na ataifunga wiki ya kumi na tatu, pointi zikiwa zimeshafungwa, aanze upya na Big Bend.